Breki ya bodaboda iko kwenye vidole, na vidole vinaganda

Ndugu Mhariri,

Poleni na kazi. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Njombe mjini, huu mwaka wa 11 nipo juu ya pikipiki, na gazeti lenu nalisoma karibu kila siku maana pale kijiweni tunanunua moja tunapokezana mpaka linachanika. Naomba nafasi niongelee baridi. Najua msomaji wa Dar au Tanga atasema baridi nayo habari jamani, ila naomba anivumilie, kuna jambo linatuumiza huku juu kila ikifika Juni mpaka Agosti na sijawahi kuona mtu kaliandika. Ajali za bodaboda mnaziandika na mnafanya vizuri, mwendo kasi, pombe, mshikaki wa kupakia abiria zaidi ya mmoja, kutovaa helmeti, yote kweli kabisa. Baridi hamna.

Juzi asubuhi, saa kumi na mbili kasoro, dogo mmoja wa kijiwe chetu kaja na abiria katokea huko njia ya Uwemba. Abiria kashuka, katoa noti ya elfu tano, dogo inabidi arudishe chenji. Kaingiza mkono mfukoni, mkono umeingia lakini vidole havishiki kitu, anavuta noti zinadondoka chini moja moja, anainama aokote hawezi kuzibana, mwisho abiria mwenyewe ndio kaziokota. Alafu akataka azime pikipiki, funguo haizunguki, na swichi ni nzima kabisa, vidole ndio havina nguvu, akaishia kuibana ile funguo kwa viganja viwili kama mtu anayepekecha moto. Watu wakacheka pale kijiweni, mmoja akamwambia we Mkinga gani unashindwa na baridi, maana Wakinga ni watu wa milima ya Makete huku. Mimi sikuweza kucheka, nilikuwa naangalia ile mikono tu, nawaza kama imeshindwa kubana noti ya elfu moja sasa hivi amesimama, dakika mbili zilizopita kwenye ule mteremko ilikuwa inabana nini?

Kwa wasioendesha niseme kidogo. Pikipiki ina breki mbili, ya nyuma unakanyaga kwa mguu wa kulia na ya mbele unabana kwa vidole vya mkono wa kulia, na ya mbele ndio inayosimamisha pikipiki kwa sehemu kubwa maana ukifunga breki uzito wote unahamia mbele. Klachi nayo iko kwenye vidole vya kushoto. Eksileta iko kwenye kiganja cha kulia. Yaani karibu kila kitu kinachokufanya uwe salama kimewekwa kwenye vidole, na vidole ndio kitu cha kwanza baridi inakichukua.

Yalinikuta mimi mwenyewe Julai 2019. Nilikuwa nampeleka mama mmoja mtu mzima stendi awahi basi la Dar, tumetoka kwake saa kumi na moja alfajiri, giza bado, ukungu umelala chini ya mipaina, majani ya pembeni ya barabara meupe kwa sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri. Nimevaa jaketi la jinzi na mikononi hamna kitu. Tumetembea kama dakika 25 hivi. Kwenye mteremko nikaona ng'ombe wawili wanaingia barabarani, na niliwaona mapema, sikuwa nimesinzia wala kulewa, akili iliwaona ikatoa amri shika breki na mkono ukachelewa. Sijui nieleze vipi mtu aelewe. Vidole vinne vilikuwa vimejikunja kwenye eksileta kama vimegandishwa na gundi, kuvikunjua vifuate breki ikachukua muda wa kuhesabu moja, mbili, na vilipofika havikubana, viliteleza. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa sekunde moja ni karibu mita 14, kwahiyo hapo nshakula mita 28 sijafanya kitu. Nikakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote, tairi la nyuma likafunga, likaserereka, tukaingia mtaroni. Mimi nilichubuka goti tu. Yule mama alijikinga kwa mkono wa kushoto ukavunjika hapa juu ya kiganja. Na kinachoniuma mpaka leo, wakati namuinua akaniambia mwanangu hata miguu siisikii tangu tulivyotoka nyumbani, niliogopa kukwambia usimame nikachelewa basi. Basi lilimuacha, na mkono ulikaa kwenye plasta wiki sita katikati ya msimu wa kuvuna viazi.

Tangu siku ile nikaanza kuuliza uliza na kusoma, nikamfuata na mganga mmoja wa zahanati akanielekeza vizuri, na nikaona kumbe mambo yenyewe hayana uchawi.

Njombe mjini tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda Makete mpaka Kitulo, kule kwenye hifadhi ya maua iliyotangazwa hifadhi ya taifa 2005, unafika mita 2,600 na zaidi. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi kama 6. Alafu miezi hii usiku mbingu inakuwa nyeupe haina wingu, ardhi inapoteza joto lote linapanda juu hamna cha kulizuia, ndio maana saa yenye baridi kuliko zote ni alfajiri kuelekea jua kuchomoza, wala siyo usiku wa manane kama watu wanavyodhani. Na saa hiyo hiyo ndio saa ya mabasi, saa ya wanafunzi, saa ya mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku akavumilia mpaka kukuche. Biashara yetu nzuri iko kwenye saa mbaya.

Sasa weka mwendo hapo. Baridi ya nyuzi 5 ukiwa umesimama na sweta utasema ah kawaida. Panda pikipiki uende 50 kwa saa, ule upepo unaokupiga unafanya ngozi yako ipoteze joto kama mtu aliyesimama kwenye baridi ya chini ya sifuri kidogo. Upepo unafagia ile hewa ya moto inayokaa karibu na ngozi, mwili unatengeneza nyingine, unafagia tena. Ukiwa na nguo mbichi ndio balaa kabisa, maji yanabeba joto la mwili haraka mara 25 hivi kuliko hewa, kwahiyo ule mvuke wa ukungu unaolowesha suruali mapajani siyo wa kupuuza hata kidogo.

Na mwili nao una akili yake. Ndani unataka ubaki nyuzi 37, ukiona joto linapungua unakata matumizi ya pembeni, unafinya mishipa ya mikononi na miguuni damu ibaki kwa moyo na ini na ubongo. Unafanya hivyo ili uishi. Mwili haujui kwamba hivyo vidole ilivyovikatia damu ndivyo vimeshika breki. Ikizidi zaidi ya hapo, joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, hapo siyo vidole tena, ni kichwa, mtu anaanza kuongea taratibu maneno yanavurugika, anakosea gia, hajali, anaona sawa tu. Anatetemeka sana, alafu kutetemeka kunaacha na hajapata joto lolote. Mtu ukimuona hivyo usimpandishe pikipiki tena, mtoe nguo mbichi, mfunike akauke, mpe kitu cha moto kitamu kama anaweza kumeza, na umtafutie usafiri wa gari aende hospitali.

Lipo neno moja huku kwetu linaniudhi nalisema wazi: sisi tumezoea. Mimi nimezaliwa Makete, nimechunga kwenye sakitu peku peku, kama kuna mtu amezoea ni mimi. Kuzoea kunakufanya usilalamike, hapo sawa. Lakini mishipa ya damu inafinywa vile vile, na sekunde mbili zinapotea vile vile. Tena mtu aliyezoea ndio hatari zaidi maana hasimami akaota moto, anaona aibu, vijana wa kijiweni watamcheka kama walivyomcheka yule wa noti.

Basi niseme tunachoweza kufanya, na nasema vitu nilivyojaribu mwenyewe kwa hela ya bodaboda, siyo vya kuagiza nje. Najua wenzetu wa Ulaya wana pikipiki ambazo mikono ya usukani inapashwa moto kwa umeme na vizibao vyenye nyaya ndani, wana haki yao, sisi tunaongelea mnadani na mitumba.

Kosa kubwa tunalofanya ni kurundika nguo. Unamkuta mtu kavaa masweta matatu ya kufuma na juu hamna kitu cha kuzuia upepo, upepo unapita kwenye yale matundu kama kwenye chekecheke, anatetemeka na amevimba kama gunia. Anza na upepo kwanza. Nguo ya nje kabisa iwe kitu kisichopitisha upepo, koti la mvua, jaketi la nailoni, hata lile la rababu la kazi, zipu ifike mpaka shingoni na mikono ibane kwenye kiwiko cha kiganja. Ndani yake sweta moja la sufu la mtumba linatosha, sufu hata ikilowa kidogo bado inatunza joto. Na kwenye ngozi usivae fulana ya pamba kama utafanya kazi ya kubeba mizigo utoke jasho, pamba ikilowa inakaa na maji yake, vaa jezi ya mpira, ile ya kawaida tu, inakauka haraka. Jaketi la jinzi nililolipenda sana ujanani sahau, ni pamba tupu.

Kama huna koti la maana, kuna gazeti. Nasema kweli kabisa Mhariri, hili gazeti lenu likishasomwa na watu kumi pale kijiweni mimi nalichukua, nalikunja kurasa nne nne, naliweka kifuani juu ya sweta ndani ya jaketi, jingine tumboni. Karatasi haipitishi upepo na katikati ya kurasa inakaa hewa iliyotulia, hiyo hewa ndio inatunza joto. Waendesha baiskeli wa Tour de France wamelifanya hili miaka mingi, wakifika kileleni mwa mlima wanapewa gazeti wanalisokomeza ndani ya jezi ndio wanaanza kuteremka. Mimi nilikuwa nafanya kabla sijajua kama na wao wanafanya, nilifundishwa na dereva mmoja wa malori wa Makambako, na Makambako kwa upepo mnaijua. Likilowa linakuwa halina kazi, toa weka jingine.

Shingoni weka skafu au kitambaa chochote ila ncha zote ziingie ndani ya jaketi, ikipepea ikashikwa na cheni au tairi hutapata muda wa kujuta. Kichwani mzula chini ya helmeti, ule mwepesi, siyo ule mnene unaofanya helmeti ikae juu juu kama kikapu, maana hapo umepata joto umepoteza kichwa. Kioo cha helmeti kikijaa mvuke usiendeshe umekifungua uso mzima unapigwa, kisugue ndani kwa sabuni ya kipande ikiwa kavu alafu ufute na kitambaa mpaka kionekane safi, mvuke hautashika. Wapo wanaosugua kiazi kibichi kilichokatwa, na viazi huku tunavyo.

Magoti ndio watu wengi wanayasahau, na yanapigwa upepo wa moja kwa moja njia nzima. Mimi navaa suruali mbili na katikati kwenye goti naweka kipande cha boksi. Miguuni gambuti zinazuia maji lakini zile rababu zina baridi yake, soksi mbili, ila gambuti iwe kubwa namba moja, ukizibana soksi mbili kwenye kiatu kidogo unakaba damu na mguu unakuwa wa baridi zaidi ya aliyevaa moja. Katikati ya soksi na soksi mfuko mwembamba wa nailoni. Jioni unakuta mguu una jasho kidogo, unabadili soksi yameisha.

Mikono sasa, hapa nakaa kidogo maana ndio ilinifanya niandike. Glavu ya kufuma peke yake ni bure kwenye pikipiki, upepo unapita. Vaa ndani ile glavu nyembamba ya hospitali, juu yake ya sufu, na kama unapata ya ngozi ya mtumba weka juu kabisa. Ila ikiwa nene mpaka huisikii breki umerudi pale pale. Zuri zaidi ni kuzuia upepo usifike mkononi kabisa. Sisi tunachukua dumu la mafuta ya kula la lita 5, tunalikata kwa kisu cha moto, tunatoa kipande kilichopinda kama bakuli, tunatoboa matundu manne na kukifunga kwa waya kwenye usukani mbele ya mkono wa breki, na kingine upande wa klachi. Siyo pambo, watoto wa mjini wanacheka, lakini upepo unagonga dumu unapita pembeni na mkono uko nyuma yake umetulia. Nililifunga la kwanza Agosti ile ile ya 2019 na sijawahi kulitoa mpaka Oktoba kila mwaka. Ukifunga hakikisha breki inabanwa mpaka mwisho bila kugusa plastiki, na usukani unakata kona zote mbili bila dumu kugonga tenki. Jaribu umesimama, usijaribu barabarani.

Alafu kila dakika 15 au 20 kwenye baridi kali simama jipime. Kidole gumba kiguse kidole cha mwisho, mkono huu na huu. Kikishindwa kufika, au kikifika bila nguvu, huna breki, simama. Zungusha mikono kwa duara kubwa kama bawa, ile damu inasukumwa mpaka ncha za vidole, au ingiza mikono kwapani kwenye ngozi. Usiiweke kwenye injini wala kwenye ekzosi. Nshaona watu watatu wameungua viganja kwa namna hiyo, mkono uliokufa ganzi hausikii kama unaungua, mwenzako ndio anasikia harufu.

Sasa jambo la watoto. Hapa nawaomba wazazi wenzangu na madereva wenzangu kwa heshima zote. Asubuhi unaona pikipiki inapeleka watoto shule, wawili nyuma na yule mdogo kabisa, wa chekechea, kawekwa mbele juu ya tenki. Achana kwanza na sheria kwamba ni makosa, tunajua. Angalia yule mdogo yuko wapi. Yeye ndio kioo cha dereva. Upepo wote unaotakiwa upige kifua cha mtu mzima unapiga uso wa mtoto wa miaka minne, kavaa sweta ya shule ya kufuma na soksi fupi na magoti wazi, na mtoto anapoteza joto haraka kuliko mkubwa kwa sababu mwili wake ni mdogo na ngozi ni nyingi ukilinganisha na mwili wenyewe. Dereva nyuma yake anasikia afadhali, kakingwa. Niliwahi kumshusha mmoja kwenye geti la shule, nilikuwa sijajua haya, nikamuweka chini akabaki amesimama vile vile miguu imeachana kama bado amekaa kwenye tenki, machozi yamekauka mashavuni na hakulia hata sauti. Mwalimu akamchukua akambeba. Nimebeba wanafunzi wengi baada ya hapo lakini mbele sijaweka tena mtoto, na mzazi akinibembeleza namwambia tafuta mwingine au nirudie safari ya pili kwa bei ile ile.

Abiria mkubwa naye asikae kimya kama yule mama. Yeye hashiki kitu, hafanyi kazi yoyote, kwahiyo mwili wake unapoa haraka kuliko wangu. Mama ukija umejifunga kitenge na blanketi, kabla hatujaondoka vikunje vyote uvikalie, visining'inie upande wa cheni. Na ukiona unatetemeka sema simama, hatukasiriki. Anayekasirika mshuke.

Kuhusu kunywa niseme kwa kifupi maana nimechoka kuzika. Viroba vilipigwa marufuku 2017 lakini vile vichupa vidogo vya plastiki vimejaa, na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, msimu wake mnaujua. Mtu anasema anapasha mwili. Pombe inafungua mishipa ya kwenye ngozi, damu ya moto inakuja juu, unasikia joto, na lile joto unalolisikia ndio linatoka linakwenda zake. Baadaye kidogo uko na baridi kuliko asiyekunywa na breki yako ya kichwani nayo haipo. Chai ya tangawizi yenye sukari, uji, kiazi cha moto, hivyo ndio vinapasha kweli, mwili unatengeneza joto kwa chakula na dereva anayetoka saa kumi na moja hajala anaendesha jiko lisilo na mkaa. Na tukishuka jioni na kwenda kulala, wale wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha, jamani ule moshi usioonekana hauna harufu, mtu analala hapati nafasi ya kuamka. Otea nje, likizimika ndio ulale.

Ombi langu kwa wenye pikipiki, matajiri wetu. Hesabu tunawaletea kila siku elfu saba, elfu nane, mvua ije jua lije. Mkimpa kijana pikipiki ya mkataba mpeni na glavu, koti la upepo na helmeti mbili, mkate hata kwenye hesabu kidogo kidogo. Glavu za mtumba mnadani ni elfu mbili, tatu. Kioo kimoja cha pembeni kikivunjika kwenye kuanguka kinazidi hapo, achilia mbali mkono wa mtu. Na askari wa usalama barabarani wanaokuja vijiweni kutoa semina, na walimu wa vyuo vya udereva, waongeze robo saa ya baridi kwa sisi wa huku, na wenzetu wa Mbeya, Rungwe, Sumbawanga, Mbulu, Lushoto. Mimi leseni nilisomea Makambako, upepo unapeperusha karatasi za mwalimu darasani, na siku zote za mafunzo hakuna aliyetaja vidole.

Na nyie Mhariri kama itawezekana hili jambo mwakani mliweke mapema, Mei mwishoni, maana ikifika Julai glavu nzuri mnadani zimeshachukuliwa na watu wa mashamba ya chai.

Yule dogo wa chenji nimempa glavu zangu za zamani na jana tumemkatia madumu mawili. Yule mama wa 2019 bado ananipigia mimi akitaka kwenda stendi, mkono ulipona ila anasema ukipigwa na baridi unauma mpaka begani. Namfuata na mzula wa pili, glavu na shuka la Kimasai, namkunjia mwenyewe pembeni asiachie ncha, na siku hizi tunatoka kwake saa kumi na nusu ili tupate nafasi ya kusimama njiani mara moja, ananyoosha miguu, na mimi nagusisha gumba na kidole cha mwisho, huku na huku.

Dereva wa bodaboda,
Njombe mjini